Muite Tani

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji ameanza kazi leo. Mdogo wake mume wangu, yule kitinda mimba, aliyekuwa akiendesha trekta la kukodi mpaka trekta likafa. Nafasi hii nimemwombea mimi. Miezi miwili nimemfuata Meneja kila kona ya ghala mpaka akachoka na sura yangu. Shemeji kaja na shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Nikamwambia hapa kazi ni kupakia na kupakua, hakuna anayeangalia shati. Akacheka, akaniita Mwalimu. Ghala zima wakadaka — Mwalimu! Mwalimu!

Basi ndiyo. Mkufunzi wa foklifti. Ndivyo kinavyosema kibao cha mlango wangu. Miaka kumi na moja nimeziendesha mwenyewe mashine hizi za kunyanyulia mizigo, mwanamke wa kwanza hapa na wa mwisho mpaka sasa. Goti likakataa, wakanipandisha ghorofani. Nina meza, nina kiti kinachozunguka, nina dirisha linaloangalia ghala lote chini, na nina muhuri. Hasa muhuri.

Niliomba siku tatu za kumfundisha. Meneja kanipa nusu saa! "Huyo katoka kwenye trekta, usukani anaujua. Mengine tutaweka sawa." Nikamweleza kwamba trekta linakata kona kwa magurudumu ya mbele, foklifti kwa ya nyuma, mkia unafagia upande ambao hukuutarajia, na ukizoea moja unaumbuka kwenye nyingine. Akaangalia saa yake. Kila kitu kwake ni tutaweka sawa. Paa linavuja, tutaweka sawa. Breki zinalia, tutaweka sawa. Sijawahi kukiona kilichowekwa sawa.

Nusu saa yenyewe ikawa dakika ishirini, lori likaingia. Nikapiga muhuri. Fomu inasema saa ishirini na nne za mafunzo, mtihani wa kuandika, mtihani wa vitendo. Zote nimetia tiki. Nitamfundisha kidogo kidogo wakati wa chakula. Nitamfundisha kweli, siyo maneno.


Jumatano, 5 Machi

Wiki ijayo mwenye kampuni anakuja na wageni wake. Kwa hiyo — rangi! Kuta, mageti, hata ndoo za takataka. Foklifti zote tatu sasa ni za manjano mpya, zinang'aa utadhani za maonyesho.

Mafundi rangi hawakufunika kitu. Wamepiga brashi moja kwa moja juu ya vibao vya uzito. Kile kibao kidogo cha chuma mbele ya dereva, kinachomwambia mashine hii inabeba kilo ngapi na inyanyue mpaka wapi. Sasa ni mstatili wa manjano tu. Ukipapasa kwa kidole unazisikia namba chini ya rangi lakini huzisomi.

Nimeshuka kumwambia Meneja. Kasema zimependeza. Nikasema namba hazionekani. Kasema madereva wangu wanazijua kwa kichwa. Wangu! Mmoja ana siku tatu hapa!

Nimemuuliza shemeji, haya, mashine kubwa inabeba kiasi gani? "Inayobebeka, Mwalimu." Akaona amesema jambo la kuchekesha. Nimechukua kisu nikakwangua kibao cha mashine ndogo mpaka namba zikatoka. Nilipofika kwenye ile kubwa nikaitwa kwenye simu. Nitamalizia kesho.


Ijumaa, 7 Machi

Leo tumepata dakika arobaini nzima wakati wa chakula. Nimejihisi binadamu. Nimemfundisha abebe mzigo chini karibu na sakafu, apige honi kila kona, mzigo ukimziba macho arudi kinyumenyume. Anashika upesi. Ana mikono mizuri, hakwapui usukani. Nilimwambia hivyo akaona haya mpaka masikio.

Mkanda wa kiti ndio umenitoa jasho. Madereva wote hapa wanaufunga nyuma ya mgongo wao, juu ya kiti kitupu, halafu wanaukalia, ili mashine iache kupiga kelele. Nimemhubiria shemeji robo saa juu ya mkanda. Alipouliza kama nami nilikuwa naufunga nikajitia sijasikia.

Kisha somo likakatika. Dereva wa mashine ndogo kachukua paleti ya vigae, ile chaga ya mbao imejaa mpaka juu, mkia ukanyanyuka, magurudumu ya nyuma yakaanza kuelea. Mtu akapaza sauti: "Muite Tani!" Tani ni mpakiaji wetu, mtu mrefu mnene mwenye maneno matamu, na jina la nyumbani kwao sidhani kama kuna anayelikumbuka. Mzigo ukiishinda mashine, yeye na mwenzake mmoja wanapanda juu ya mkia, wanakaa kama wako kwenye kochi, mashine inatulia, safari inaendelea. Ghala hili limefanya hivyo tangu kabla sijaja. Nilipokuwa dereva nilimwita mara ngapi? Hazihesabiki.

Shemeji kakodoa macho. "Na hiyo nayo iko kwenye fomu?"

Nilitakiwa kusema haipo na isifanyike kamwe. Nikacheka. Nikasema hiyo siyo ya darasani. Tani kapita mbele yetu juu ya mkia akitupungia mkono kama bwana harusi, nasi sote tukapiga makofi.


Jumatatu, 10 Machi

Malori matano. Hakuna somo. Kibao cha mashine kubwa bado. Goti linaniuma, na ninapotaka kukaa nasimama, nikisimama nataka kukaa. Sijui nina nini leo.


Jumanne, 11 Machi

Tani ameumia. Mguu.

Mashine kubwa, kasha la pampu, pale mlangoni kwenye mfereji wenye wavu wa chuma. Shemeji ndiye alikuwa anaendesha. Yeye mzima.

Mimi nilikuwa ofisini, kwenye simu na Meneja.

Siwezi kuandika zaidi.


Jumatano, 12 Machi

Naandika kwenye benchi la hospitali. Mke wa Tani amelala begani kwangu, mkono wangu mmoja umekufa ganzi, ninaandika kwa ulio huru.

Niseme ilivyokuwa. Kasha lile lilikuwa zito kuliko mashine. Mkia ulinyanyuka, Tani na mwenzake wakapanda. Shemeji akaondoka polepole, vizuri kabisa, mzigo chini kama nilivyomfundisha. Wavu ukabonyea, gurudumu la mbele likaingia kwenye mfereji. Kasha likateleza kutoka kwenye meno ya mashine, mkia ukaruka juu na watu wake. Yule mwenzake akarushwa pembeni, kapata michubuko. Tani akaanguka nyuma, palepale, na mkia ukamshukia mguuni. Zaidi ya tani tatu za chuma!

Shemeji hakukimbia. Aliruka chini — mkanda hakuwa ameufunga — akakaa sakafuni akamshika Tani kichwa mpaka gari la wagonjwa likaja. Shemeji walimtoa pale kwa nguvu.

Daktari amesema mguu wa kulia chini ya goti hauokoleki. Wameukata alfajiri. Mke wake alisaini karatasi ya kuruhusu. Alinipa niisome kwanza kwa sababu mimi ni mtu wa makaratasi. Nikaisoma. Nikamwambia aweke saini hapa, mama, na hapa.

Meneja kafika saa tano na mfuko wa matunda. Kamwamkia mke wa Tani kwa unyenyekevu mkubwa. Kisha kaniita koridoni. Mkaguzi wa usalama kazini anakuja Jumatatu. "Fomu ya dereva ipo, muhuri upo, hapo hatuna shida. Ila atataka daftari la mafunzo, siku kwa siku." Nikamwambia hatuna daftari la mafunzo. "Tunalo," kasema, akatoa kwenye begi daftari jipya kabisa, bado lina harufu ya dukani. Anataka nilijaze. Tarehe, saa, mada, saini za wanafunzi. Miaka mitatu nyuma, madereva wote tisa. Na mada moja isisahaulike: Marufuku ya Kupanda Juu ya Mashine.

"Wewe unajua kuandika vizuri, Mwalimu. Andika kwa kalamu tofautitofauti."

Nimelishika daftari lile. Liko hapa kwenye mkoba, chini ya hili langu.


Alhamisi, 13 Machi

Shemeji hali, halali. Amekaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba tangu jana, anasugua viganja. Mume wangu anamwambia neno, anaitika "ndiyo kaka", basi. Mama mkwe ameingia jikoni nikiwa naosha vyombo, akasimama nyuma yangu muda mrefu. Mama mkwe wangu si mtu wa kelele. Alisema tu: "Wewe ndiye uliyemwombea kazi hii, mwanangu."

Nikasema ndiyo, mama.

"Na wewe ndiye uliyemfundisha."

Sahani ilinitoka mkononi. Haikuvunjika, lakini sote wawili tuliruka. Nikasema ndiyo mama, mimi ndiye. Akachukua kitambaa akaanza kukausha vyombo. Afadhali angenitukana.

Mume wangu anasema nilijaze hilo daftari, yaishe. Nikamuuliza yaishe kwa nani? Nikilijaza, maana yake Tani alikatazwa kwa maandishi akapanda kwa ukaidi wake, na mdogo wako alifundishwa yote akaamua kumlemaza mtu. Kampuni safi! Wabaya ni Tani na mdogo wako.  Mume wangu kasema, na usipolijaza, wewe ndiye uliyepiga muhuri wa uongo. Hilo pia ni kweli. Nimetoka nje nikazunguka nyumba mara tatu bila sababu.


Ijumaa, 14 Machi

Nimejaribu. Naungama. Nimekaa ofisini asubuhi hii na kalamu tatu, bluu, nyeusi, bluu nyingine. Nikaandika tarehe ya Januari mwaka juzi. Mada: Ukaguzi wa mashine kabla ya kazi. Muda: saa mbili. Waliohudhuria. Mwandiko wangu mzuri kweli, ule wa shule. Ukurasa ukapendeza.

Nikageuza ukurasa. Nikaandika: Marufuku ya Kupanda. Nikaandika jina la Tani kati ya waliohudhuria. Jina lake la kweli, nililitoa kwenye faili. Mara ya kwanza kuliandika maishani mwangu! Sehemu ya saini nikaiacha wazi. Za madereva zitapatikana, Meneja atawapanga foleni. Lakini Tani asaini vipi, nimpelekee wodini?

Meneja kapiga simu mara nne. Sikupokea ya tatu na ya nne. Mashine zote tatu bado zinafanya kazi. Ile kubwa wameiosha.


Jumapili, 16 Machi

Nimetoka hospitali sasa hivi, niko kwenye kibaraza cha nyuma. Lazima niandike hili kabla halijanipoa, maana likipoa nitaanza kulipamba.

Tani ameamka vizuri. Amekonda siku tano tu. Kaniona mlangoni akasema, "Mwalimu, mnitafutie jina jipya, uzito umepungua." Mke wake akamfinya. Mimi nikacheka halafu nikalia, vyote pamoja, kamasi mpaka kidevuni. Akaomba mkewe akanunue maji.

Tulipobaki wawili akasema kwa sauti ya chini kwamba watu wa kampuni walikuja wakamuuliza nani alimwita siku ile. Akawaambia hakumbuki. "Nimewaambia dawa zimenichanganya kichwa. Usiwe na hofu. Mimi sikumtaja mtu."

Nikamshukuru! Mungu wangu, nilimshukuru! Nimemwona mtu hana mguu, amelala pale, ananificha mimi, nami nikasema asante.

Sasa niandike. Hakuna anayesoma hapa zaidi yangu, kwa hiyo uongo wa siku sita nilikuwa najidanganya nani? Tarehe kumi na moja nilikuwa kwenye simu na Meneja, hiyo kweli. Alikuwa anafoka, lori linatakiwa liwe limetoka saa sita, huyo ndugu yako anangoja nini. Shemeji alikuwa amesimamisha mashine. Aliona mkia unaelea, akasimama, kama nilivyomfundisha! Akanyanyua uso kwenye dirisha langu akauliza, "Shemeji, nifanyeje? Linanishinda." Hakuniita Mwalimu. Aliniita shemeji.

Nikafunika simu kwa kiganja nikasema: "Muite Tani."

Maneno mawili. Nikafunga dirisha kwa sababu ya vumbi.


Jumatatu, 17 Machi

Mkaguzi amekuja. Nilitarajia mzee mwenye tumbo na gari kubwa. Ni mwanamke wa umri wangu, viatu vya kazi vimechakaa, begi la mgongoni. Kitu cha kwanza kakata ukanda mwekundu akazifunga foklifti zote tatu, hakuna kuziwasha. Meneja katabasamu mpaka meno ya mwisho.

Kitu cha pili katoa sarafu mfukoni akaanza kukwangua rangi kwenye kibao cha mashine kubwa. Alikwangua dakika kumi. Sote tumesimama. Ilipotoka namba akaisoma kwa sauti, kisha akasoma karatasi ya kasha. Pampu ilizidi uwezo wa mashine kwa zaidi ya nusu tani. Nilitamani sakafu inimeze.

Kaniita saa nane, tukakaa ofisini kwangu. Nilikuwa na daftari la Meneja mezani. Nikalisukuma upande wake kabla hajauliza. Nikamwambia hili nimepewa Jumatano, kurasa mbili nimeziandika Ijumaa, zote za uongo, na kila fomu yenye muhuri wangu ni ya uongo pia. Nikaeleza zile dakika ishirini. Nikaeleza siku tatu nilizoomba, rangi, mikanda, na jinsi tunavyokalisha watu kwenye mkia. Nilisema mfululizo, sikuvuta pumzi.

Nikamuuliza nitafungwa? Kasema hajui, si yeye anayeamua. Lakini akaeleza jambo ambalo limeniganda. Sheria, kasema, inamdai mwajiri, siyo muhuri. Mwajiri ndiye anayetakiwa kuhakikisha mtu amefundishwa, mashine ni nzima, mzigo unajulikana uzito. Kuniita mimi mkufunzi na kuninyima muda hakumtoi yeye kwenye jukumu. Nikapumua. Kisha akasema, "Lakini wao watasema dereva aliamua mwenyewe kupakia watu. Kuna mtu alimwamuru?"

Hapo! Hapo ndipo nilipotakiwa kusema.

Nikasema mimi nilikuwa kwenye simu.

Akaandika. Sijawahi kusikia kalamu ikikwaruza vile.


Jumanne, 18 Machi

Saa nne asubuhi. Ghala kimya. Bila foklifti unasikia hadi ndege darini. Wapakiaji wamekaa juu ya paleti wanacheza karata. Meneja anazunguka na simu sikioni, malori yamepanga foleni mpaka barabarani. Nimepanga faili ambazo zilikuwa zimeshapangwa.


Saa saba. Mkaguzi kaniletea maelezo yangu, kayapiga chapa kurasa tatu. Nisome, nirekebishe, nisaini. Anaenda kula, atarudi saa nane. Kaniambia nisisaini chochote nisichokisoma. Kwangu mimi hilo lilikuwa kofi, ingawa hakujua.

Nimesoma. Kila kitu changu kimo. Halafu ukurasa wa tatu, chini ya kichwa Mambo ya Kuthibitisha: "Dereva ameeleza kwamba aliamua mwenyewe kuwaita wapakiaji wakae nyuma ya mashine, na hakuna aliyemwelekeza. Mkufunzi wakati huo alikuwa kwenye simu."

Ameeleza. Shemeji ameeleza hivyo! Amehojiwa leo asubuhi na mimi sikujua.

Nimeinuka nikafungua dirisha. Nimelifunga. Nimelifungua. Chini, Meneja anamletea shemeji soda. Kampiga bega! Mtu aliyekuwa hamjui kwa jina wiki mbili zilizopita. Kwa nini asimnunulie soda? Dereva akishasema niliamua mwenyewe, kampuni inanawa mikono. Nusu saa, rangi, daftari, yote yatakuwa makosa madogomadogo, faini ndogo, onyo. Kosa kubwa litabaki na mtu mmoja, mwenye siku nane kazini. Na Tani ataandikiwa kwamba alipanda kwa hiari yake.

Lakini aliyesema Muite Tani ni mkufunzi wa kampuni, ghorofani kwa kampuni, huku msimamizi wa kampuni anamfokea kwenye simu ya kampuni. Hiyo siyo dereva kuamua. Hiyo ni kampuni imeamua, kwa mdomo wangu. Wiki nzima nimetafuta ushahidi wa kumbana Meneja, na ushahidi wenyewe ni mimi!

Nimekata ule mstari. Nimeandika juu yake, pembeni, na nyuma ya karatasi kwa sababu nafasi haitoshi. Nimeandika aliponiuliza nifanyeje. Nimeandika nilichosema, maneno yote mawili. Nimeandika Meneja alikuwa anasema nini sikioni. Mwandiko umebanana lakini unasomeka.

Bado saini. Saa nane kasoro robo.


Shemeji kapanda. Kabisha hodi kwa adabu kama mgeni, kaingia, kafunga mlango. Nikamwambia kaa, soma. Amesoma amesimama, midomo ikicheza. Alipofika nyuma ya karatasi midomo ikasimama.

Akasema yeye ameshasaini ya kwake. Akasema mimi nina watoto wawili na mama yupo kwangu, yeye hana mtu wa kumtegemea, kwa hiyo hesabu ni rahisi. Akasema Meneja kamwahidi wakili. Nikamwambia wakili wa nani, shemeji? Wakili wa kukushika mkono mpaka mlangoni kwa hakimu? Akasema, "Shemeji, wewe ndiye uliyenitoa kwenye shamba la watu. Sikutaji." Nikamwambia hukunitaja, nimejitaja mwenyewe. Akatikisa kichwa kama ng'ombe aliyekataa kamba.

Nikanyoosha mkono nipewe karatasi yangu. Ameikunja mara mbili. Ameitia mfuko wa shati, lile la pasi, akafunga kifungo.

Nimemwambia mara tatu anirudishie. Amesimama na mgongo mlangoni, analia bila sauti, anaangalia pale juu ya kichwa changu. Sina goti la kumkimbiza wala nguvu ya kumnyang'anya. Naandika ili mikono isishike kitu kingine.

Viatu vizito vinapanda ngazi. Ni mkaguzi, namjua mwendo.

Haya shemeji, kaa nayo. Maneno ninayajua kwa kichwa. Ukurasa unaofuata wa daftari hili nauchana, niyaandike humo upya, nisaini.